Grenda inaangusha breka nikichomeka ukutani, kwenye ekstensheni ya mita 50 inawaka. Hii imekaaje?

#1 Mwana wa Segerea

Wakuu habari za jioni.

Nipo Segerea, nyumba ya vyumba vitatu, umeme wa LUKU wa fezi moja. Mchana nipo kazini kwa watu, jioni na Jumapili natengeneza mageti na madirisha. Kuchomelea nachomelea kwa rafiki yangu Kiwalani, hapa nyumbani ni kukata na kusaga tu.

Mwezi uliopita nimenunua Kariakoo grenda kubwa ya inchi 9, imeandikwa wati 2,400. Ile ndogo ya inchi 4 na nusu ninayo miaka na haijawahi kunisumbua. Hii kubwa nikiichomeka ukutani nikabonyeza, ta! Breka chini, nyumba nzima giza. Naipandisha, najaribu tena, pengine inawaka kama vile haikuwa yenyewe. Asubuhi inakubali mara nne kati ya tano. Saa moja jioni ikikubali hata mara moja ni bahati.

Kinachonichanganya zaidi: nina ekstensheni ya mita 50. Nikipitishia humo, grenda inawaka kila mara, jioni na asubuhi. Waya mrefu si ndio ungeleta matatizo?

Fundi aliyenifungia umeme kasema hii breka ya ampea 20 niitoe, niweke ya 32 yaishe. Mama watoto kasema nirudishe grenda dukani. Nawasilisha.

#2 Kobe wa Mjini

Mama watoto kashamaliza. Uzi ufungwe.

#3 Chuma Chakavu

Msikilize fundi wako, weka 32. Mimi nimefunga ya 40 hapa Buguruni, mwaka wa nne huu, napiga kompresa, napiga grenda, haijawahi kushuka hata siku moja. Mambo mengine mnayafanya magumu bure.

#4 Fundi Mstaafu

Chuma Chakavu, hujawahi kujiuliza kwa nini haijawahi kushuka? Kwa sababu haina kazi inayofanya hapo ulipoiweka.

Kijana wangu wa Segerea, breka hailindi grenda wala hailindi wewe. Inalinda waya uliopo ndani ya ukuta. Kama waya wako wa soketi ni wa milimita za mraba 2.5, umetoka kwenye boksi kwa njia moja na kuishia kwenye soketi ya mwisho, basi 20 ndiyo saizi yake. Ukiweka 32 juu ya waya huo, siku mzigo ukizidi waya utachemka kimya kimya na breka itakuangalia tu. Ikiwa soketi zimefungwa kwa mzunguko, yaani waya umetoka kwenye breka, umezunguka soketi zote na kurudi palepale kwenye breka, hapo 32 inaruhusiwa. Je, wako ni upi? Usijibu kwa kukisia. Fungua uangalie, meni swichi ikiwa chini.

Halafu nijibu mambo mawili. Kwanza, inayoshuka ni breka ndogo ya kawaida au ni ile pana yenye kitufe cha kujaribia? Pili, kabla ya namba 20 kuna herufi gani?

#5 Mtoto wa Kariakoo

Bwawa la Nyerere megawati 2,115, halafu mtu grenda moja inamtoa jasho. Nchi hii bwana.

#6 Kobe wa Mjini

#5 megawati za Rufiji haziongezi unene wa waya wa Segerea.

#7 Bi Mkubwa wa Goba

Fundi Mstaafu yuko sahihi. Shemeji yangu Mbagala alibadilishiwa breka ikawekwa kubwa kwa sababu ya jokofu la kuuzia samaki. Ilichukua kama miezi sita. Siku hiyo tumekaa sebuleni tunanusa harufu kama ya plastiki ya ndoo ikichomwa, tukadhani ni jirani anachoma taka. Kumbe juu ya dari. Fundi alipotoa soketi ukutani, nyuma yake ilikuwa ya rangi ya kahawia kama ukoko wa wali, na ganda la waya linabanduka kwa kucha. Dari haikushika moto, tunamshukuru Mungu. Lakini breka ile haikushuka hata mara moja.

#8 Mwana wa Segerea

Shukrani wakuu. Nimeangalia.

Inayoshuka ni ndogo, imeandikwa B20. Ile pana imeshuka mara mbili tu mwezi huu, na zote mbili ilikuwa siku ya mvua.

Nimefungua boksi. Waya mmoja mwekundu ndio unaoingia kwenye hiyo B20, hakuna unaorudi. Na si soketi tu, hata taa zimechukuliwa humohumo. Hita ya bafuni ndiyo yenye breka yake peke yake. Yaani friji, birika, pasi, TV, taa, vyote vinaning'inia kwenye B20 moja.

#9 Fundi Mstaafu

Nilijua tu. Aliyekufungia ana leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, kweli? Taa kuchukuliwa kwenye breka ya soketi ni uvivu wa kuvuta waya. Ndiyo maana ukikosea na grenda unabaki gizani umeshika diski inayozunguka. Hilo peke yake lingetosha kukurudisha kwa fundi mwingine.

Sasa hiyo B. Breka ina watu wawili ndani yake. Mmoja ni wa joto, anasikiliza mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, yeye hana haraka. Mwingine ni sumaku, anasubiri shoti, na akiamka haulizi. Kwenye breka ya herufi B, sumaku inaamka mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba iliyoandikwa. Yako ya 20, basi kati ya ampea 60 na 100. Ya herufi C ni mara 5 hadi 10. D ni mara 10 hadi 20.

Grenda ya wati 2,400 ikishazunguka inakula kama ampea 10 na nusu. Lakini wakati inaanza, mota bado imesimama, inavuta mara sita au saba ya hizo kwa kitambo kidogo sana. Yaani 60 na kitu hadi 70. Umeona inapoangukia? Mlangoni kabisa pa B20. Ndiyo maana leo inakubali, kesho inakataa. Badilisha uweke C20. Namba ibaki ileile, herufi ndiyo ibadilike.

#10 Pweza Mkavu

Mbona fyuzi ya kwenye plagi haikatiki? Ni ya 13 tu, ndogo kuliko 20.

#11 Fundi Mstaafu

Fyuzi ya 13 inaweza kubeba ampea 50 kwa muda mfupi kabla haijayeyuka. Ni uzi wa chuma, lazima upate joto kwanza. Sumaku ya breka haisubiri joto. Swali zuri.

#12 Msomi wa Jioni

Nilikuwa nasoma kimya, ila hesabu ya Fundi inajibu na lile fumbo la ekstensheni, kwa hiyo acha niiweke.

Tuseme ekstensheni yako ni ya waya wa shaba wa 1.5, huo una ukinzani wa kama omu 12 kwa kilomita. Ekstensheni ya mita 50 ni mita 100 ukihesabu kwenda na kurudi, kwa hiyo omu 1.2. Inaonekana ndogo. Lakini kama grenda inaanza kwa ampea 70 kwenye volti 230, maana yake njia nzima pamoja na mota ina omu 3.3 hivi wakati huo. Ongeza 1.2 unapata 4.5. Gawanya 230 kwa 4.5, ni ampea 51. Imepita chini ya mlango wa 60, sumaku imelala.

Kwa hiyo ekstensheni yako haijatatua tatizo, imeshika grenda koo ili isipige kelele.

#13 Mwana wa Segerea

Daah! #12 nimekuelewa mpaka mwisho na hesabu nilipata D.

Kwa hiyo niendelee na ekstensheni tu?

#14 Mzee wa Keko

Endelea nayo ikiwa imekunjuliwa yote chini. Usifanye kama kijana wangu hapa karakana. Alipanga waya wote kwenye gurudumu lake akavuta mita tatu tu, akapasua mbao za mninga mchana kutwa. Jioni tunataka kukunja, waya hautoki kwenye gurudumu. Umeshikana kama kashata. Waya ukiwa umeviringwa joto halina pa kutokea.

Ila mimi sikubaliani na nyie wasomi. Nina miaka mingi na mashine hizi. Grenda mpya inayoangusha breka, kwanza shuku grenda. Kariakoo siku hizi kuna mashine zimeandikwa wati 2,400 na ndani mota ya 1,500 iliyosukwa na nyaya nyembamba. Fungua vile vifuniko viwili vya pembeni utoe kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Kama ni mpya zinatakiwa ziwe ndefu na uso wake uking'aa sawasawa. Halafu iwashe gizani uchungulie kwenye matundu ya hewa. Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni kawaida. Ukiona mduara mzima wa moto unazunguka, amecha, yaani hiyo sehemu inayozunguka, ina shoti, na hapo hata ubadilishe breka ya mbinguni.

#15 Chuma Chakavu

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni umeme mdogo. Jioni watu wote wamerudi, volti zinashuka, volti zikishuka ampea zinapanda, breka inaanguka. Ndiyo maana asubuhi inakubali. Nunua stebilaiza, kile kifaa cha kuweka volti sawa.

#16 Msomi wa Jioni

Sio vitu vyote mkuu. Birika la wati 2,200 kwenye volti 230 linakula ampea 9.6. Kwenye volti 190 linakula 7.9, linachelewa kuchemsha tu. Inayoongeza ampea umeme ukiwa mdogo ni mota ya friji, pampu, kompresa, zile zisizo na kaboni, kwa sababu inalazimika kusukuma mzigo uleule. Grenda wakati wa kuanza inafuata volti: umeme ukiwa mdogo inavuta kidogo.

#17 Chuma Chakavu

Basi kwa hesabu yako hiyo jioni ingekubali na asubuhi ingekataa. Mwenye uzi kasema kinyume. Jibu hapo.

#18 Kobe wa Mjini

Hahaha, Chuma Chakavu kaamka na breka yake ya 40.

#19 Msomi wa Jioni

#17 kweli, hapo sina jibu la moja kwa moja. Mwana wa Segerea, una mita? Pima ukutani asubuhi na jioni.

#20 Dada Nyundo

Samahani, mimi naona mmeruka ile breka pana iliyoshuka siku za mvua. Hiyo ni RCD, inashuka ikiona miliampea 30 zinapotelea kwenye ardhi. Grenda yako haina waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, angalia kibandiko utaona mraba ndani ya mraba. Waya wake una nyuzi mbili tu. Kwa hiyo umeme ukipotea kupitia grenda, njia pekee ya kwenda ardhini ni kile chuma unachokata au wewe mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha, ekstensheni ilikuwa wapi?

#21 Mwana wa Segerea

Uani, chini ya bati. Kichwa cha ekstensheni kilikuwa kwenye majani. Nilikuwa na ndala.

#22 Dada Nyundo

Basi hiyo swichi pana usiichezee kabisa, na akija fundi wa kukuambia aikwepeshe, mfungulie geti aende. Bonyeza kile kitufe chake kila mwezi uone kama bado inashuka. Na vaa viatu kaka.

#23 Kobe wa Mjini

Fundi mageti mwenye ndala. Geti likikuangukia kwenye dole gumba utarudi hapa kuanzisha uzi mwingine.

#24 Mwana wa Segerea

Mrejesho wakuu.

Nimeazima mita. Saa 12 asubuhi ukutani 231. Grenda ikizunguka kwenye mwisho wa ekstensheni, 218. Saa moja na nusu usiku ukutani 198, taa zikiwa za njano kidogo. Kaboni nimetoa, ni ndefu, zinang'aa. Cheche za bluu, ndogo.

Jumatano nimeweka C20. Siku tatu safi, grenda inawaka ukutani kila nikibonyeza. Nikasema uzi umekwisha. Jumamosi jioni nimekata kama dakika kumi, tena nakata kweli, bomba la inchi mbili, breka ikashuka. Safari hii haikuwa ta! ya kuwasha. Grenda ilikuwa katikati ya kazi. Nimegusa breka, ya moto, si ya kuunguza ila huwezi kuweka kidole ukasahau.

#25 Fundi Mstaafu

Huyo sasa ni yule mtu wa joto, siyo sumaku. Jumamosi jioni ndani walikuwa wanafanya nini?

#26 Mwana wa Segerea

Mama watoto alikuwa anapiga pasi nguo za kanisani. Birika lilikuwa linachemsha maji ya mtoto. Na kuna lile jiko dogo la umeme la koili moja, maharage.

#27 Msomi wa Jioni

Grenda 10.4, birika 9.6, pasi ya wati 1,200 ni 5.2, jiko la wati 1,000 ni 4.3. Jumla karibu 29 na nusu, kwenye breka ya 20. Imekuvumilia sana.

#28 Bi Mkubwa wa Goba

Maharage kwenye koili ya umeme? Uniti zinaisha hivyo halafu mnalalamikia LUKU.

#29 Mzee wa Keko

Bado nasema jambo moja. Juu ya breka kuwa ya moto, kaza skrubu. Meni swichi chini, bisibisi, kaza skrubu zote, hasa nyutro. Mimi nilibadilisha breka tatu kabla ya kugundua skrubu inazunguka kwa vidole. Kiungio kilicholegea kinachemka chenyewe na kuichemsha breka, hata mzigo ukiwa halali. Na ile asubuhi na jioni anayouliza Chuma Chakavu inaweza kuwa hapohapo: jioni boksi limeshapata joto la mzigo wa mchana kutwa.

#30 Fundi Mstaafu

Mzee wa Keko, skrubu nakubali. Lakini joto la boksi haliisogezi sumaku kiasi hicho, na kabla ya Jumatano ilikuwa inaangushwa na sumaku, wakati wa kuwasha tu. Mimi naona jioni friji na grenda vilikuwa vinakutana. Umeme mdogo unaifanya friji ianze kwa shida, ikikutana na grenda inayoanza, wote wawili wanapita mlango wa 60. Mchana friji haihangaiki hivyo.

Kwa vyovyote vile, vuta njia mpya ya kwenda uani: waya wa 2.5 au 4, breka yake yenyewe C20, soketi ya nje yenye mfuniko. Taa nazo zipate breka yao ya 6 au 10.

#31 Chuma Chakavu

Mwishowe mnamwambia anunue waya. Mimi nilisema stebilaiza, bei karibu ileile.

#32 Pweza Mkavu

Wakuu, inveta ya sola ya wati 3,000 inaweza kuwasha grenda ya wati 2,400?

#33 Dada Nyundo

#32 anzisha uzi wako. Ila kwa kifupi, inategemea inveta inavumilia kuanza kwa kiasi gani. Tafuta grenda inayoanza taratibu, zipo, zina kifaa ndani kinachopandisha mwendo kidogo kidogo. Kwa kweli hata mwenye uzi angenunua hiyo tusingekuwa hapa.

#34 Kiboko ya Segerea

Samahani wakuu, nimeingia sasa hivi nimesoma uzi wote. Mwana wa Segerea, wewe si ndiye unayekaa nyuma ya ile nyumba yenye geti la bluu lisilomalizika?

#35 Mwana wa Segerea

Geti la bluu ni langu. Kwani vipi mkuu?

#36 Kiboko ya Segerea

Mimi ni jirani wa ukuta wa pili. Kwa miezi miwili kila jioni taa zangu zinacheza, zinafifia, zinarudi. Nilikuwa nimeshaita watu waje wapime nguzo.

#37 Kobe wa Mjini

Nimevuta kiti.

#38 Fundi Mstaafu

Kiboko, una pampu ya kisima?

#39 Kiboko ya Segerea

Ninayo, ya nguvu farasi 1. Nawasha saa moja jioni kujaza tenki.

#40 Chuma Chakavu

Aaah! Si niliwaambia umeme mdogo?

#41 Msomi wa Jioni

Mzigo wa jirani haupiti kwenye breka ya Segerea. Unaweza kushusha volti tu, na tumeshasema volti zikishuka grenda inavuta kidogo.

#42 Fundi Mstaafu

Grenda ndiyo. Friji sio. Soma tena #30.

#43 Mwana wa Segerea

Jirani, pole sana kwa kelele. Naomba leo usiwashe pampu mpaka saa mbili. Nitarudisha ile B20 ya zamani, nijaribu grenda ukutani mara tano tuone.

#44 Kiboko ya Segerea

Sawa jirani, hakuna shida. Na lile geti lako ukimaliza uje kuangalia na langu.

#45 Mwana wa Segerea

Nimejaribu sasa hivi. Mara tano, imeshuka mara tatu. Jirani, pampu uliizima?

#46 Kiboko ya Segerea

Pampu sijaigusa tangu jana, leo maji ya bomba yametoka. Na taa zangu zimecheza vilevile, mara nane nimehesabu.

#47 Kobe wa Mjini

Yeye kawasha mara tano, wewe umehesabu nane. Tatu ni za nani?